Mfariji Asiyebisha Hodi

Leo nataka tuzungumze juu ya watu wanaoieleza simu mambo ambayo hawajamweleza mama yao mzazi. Sina maana ya kumpigia mtu simu. Nina maana ya kuieleza simu yenyewe: unafungua ChatGPT au programu nyingine ya aina hiyo, unaandika kwamba mume amebadilika, kwamba usiku hulali, kwamba umefeli na nyumbani hujasema, kisha unangoja. Hungoji sana. Jibu linakuja kabla hujapepesa macho, na linaanza na pole.

Wapo wanaosema hayo ni ya Ulaya na Marekani, kwa watu wanaoishi peke yao. Si kweli. Binti wa dada yangu ana shahada yake, anatafuta kazi, na anaishi na wazazi wake Tanga katika nyumba iliyojaa watu. Alinionyesha mazungumzo yake tukiwa tumekaa barazani baada ya chakula cha usiku, na ameridhia niyaseme hapa bila kumtaja. Alikuwa ametuma maombi ya kazi pamoja na wenzake. Wenzake wakaitwa kwenye usaili, yeye hakuitwa. Usiku huo akaandika kwa kile Kiswahili cha meseji, kisicho na nukta wala herufi kubwa: nimechoka kuulizwa kazi vp kila nikitoka ndani naulizwa. Mashine ikampa pole, ikamwambia kwamba kuchoka kwake kuna sababu, kisha ikamuuliza: ni wakati gani swali hilo linakuuma zaidi?

Nikamuuliza, nyumbani hapa nani amewahi kukuuliza hivyo? Akasema, "Hakuna, mjomba. Watu wananiuliza kazi vipi. Hii iliniuliza mimi vipi."

Nimeanza na huyu binti kwa sababu sitaki mazungumzo haya yawe ya kuwacheka vijana au kuwatisha wazazi. Aliyetafuta faraja hakukosa. Kinachotupasa kuangalia ni alichokipata, na alichokuwa anakikwepa alipokwenda kukitafuta huko.

Kwanza tujue kwamba jambo hili ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1966, katika chuo cha MIT kule Marekani, mtaalamu wa kompyuta Joseph Weizenbaum aliutangazia ulimwengu programu aliyoiita ELIZA. Weizenbaum alizaliwa Berlin mwaka 1923 katika familia ya Kiyahudi, na mwaka 1936 familia hiyo ikaukimbia utawala wa Hitler. Programu yake ilikuwa ndogo mno kwa vipimo vya leo, na haikuelewa chochote. Ilichukua maneno ya mtu ikayageuza kuwa swali. Ukiandika kwamba una huzuni, inakuuliza ni nini kilichokuhuzunisha. Ukimtaja mama, inakuomba useme zaidi juu ya familia yako. Weizenbaum aliiga namna ya washauri fulani wa saikolojia ambao humrudishia mgonjwa maneno yake mwenyewe ili aendelee kusema.

Sasa, katibu muhtasi wake alikuwa ameiona kazi hiyo ikitengenezwa miezi na miezi. Alijua fika kwamba ndani yake hakuna mtu. Akaketi kuijaribu, akaandikiana nayo kidogo, halafu akamgeukia bosi wake akamwomba atoke chumbani. Weizenbaum alishtuka, na mshtuko huo haukumtoka. Mwaka 1976 alichapisha kitabu akisema kwamba zipo kazi ambazo haifai kuzikabidhi kwa kompyuta hata kama kompyuta itaziweza, na kuwasikiliza watu wenye shida ni mojawapo. Mpaka anafariki mwaka 2008 hakuacha kusema hivyo.

Watu wengi wakiisimulia habari hiyo humfanya yule katibu aonekane mjinga aliyedanganywa na mashine. Mimi namwona tofauti. Alichokihitaji mama yule ni chumba kisicho na sikio la mtu. Alikuwa na jambo la kusema na hakutaka bosi wake alisikie. Akili mnemba ya leo, au akili bandia kama wengine wanavyoiita, ni kubwa kuliko ELIZA kwa kiwango kisichosemeka, lakini kinachowavuta watu kwake bado ni kilekile. Watu wanatafuta mahali pa kusemea ambapo neno halitatoka.

Njoo basi kwetu. Mwezi Juni 2025, tume ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia mahusiano ya watu ilitoa ripoti yake. Inasema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke. Hilo halikunishangaza sana. Lililonishangaza ni mgawanyo wake: katika nchi zenye kipato kikubwa, waliosema ni wapweke ni kama asilimia 11, katika nchi zenye kipato kidogo, ni kama asilimia 24. Sisi tunaojisifu kwa ujirani, tunaopika sufuria la ziada kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa, tuko karibu zaidi na kundi la pili kuliko la kwanza.

Mtu anakuwaje mpweke ndani ya nyumba isiyo na hata kitanda cha ziada? Fikiria mwanamke aliyeolewa na mume anampiga. Amwambie nani? Akimwambia mama yake, ataambiwa avumilie, ndoa ndivyo zilivyo. Siku anafundwa aliambiwa kwamba ya ndani hayatoki nje. Shoga yake anampenda, lakini shoga naye ana shoga yake, na wote wako katika kundi moja la WhatsApp la kuchangia harusi. Akienda kwa kiongozi wake wa dini, pengine atasikilizwa vizuri na kuombewa, halafu baada ya majuma mawili atasikia mahubiri yenye mfano wa "dada mmoja hapa kwetu", bila jina, na kila aliyeketi pale atageuka kumtazama yeye. Mwanamume naye hana pa kuanzia kabisa, maana tangu akiwa mtoto wa miaka sita aliambiwa kulia ni kazi ya dada zake.

Na kama ni ugonjwa wenyewe, yaani sonona au msongo uliomzidi mtu, hali ni ngumu zaidi. Hospitali ya Mirembe ipo Dodoma tangu mwaka 1927. Imetibu watu wengi wakarudi kwenye mashamba yao, madarasa yao na familia zao. Lakini jina lake mitaani limekuwa tusi. Ukitaka kumdhalilisha mtu mbele za watu, mwambie apelekwe Mirembe. Sheria nayo imechangia. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara inalihesabu jaribio la kujiua kuwa ni kosa la jinai. Kenya nayo ilikuwa na kifungu cha namna hiyo, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinapingana na Katiba. Yaani mtu alikuwa anatolewa hospitalini, bado hajapona, na askari yuko mlangoni. Tunapenda kumwambia mgonjwa kwamba mficha maradhi kifo humfichua. Akifichua, ama tunamcheka ama tunamfungulia jalada.

Kwa hiyo usiniulize kwa nini kijana anaiandikia mashine saa nane za usiku. Mashine haina shangazi wa kumpelekea habari.

Nami sitaki kuinyima haki yake. Machi 2025, watafiti wa chuo cha Dartmouth nchini Marekani walitangaza matokeo ya jaribio la programu ya mazungumzo waliyoitengeneza wenyewe, iitwayo Therabot. Walioshiriki ni watu wazima 210. Waliokuwa na sonona na wakaitumia, dalili zao zilipungua kwa wastani wa asilimia 51. Hilo si jambo dogo. Lakini Therabot ilitengenezwa na wataalamu wa afya ya akili kwa miaka kadhaa, kwa kazi hiyo moja tu, na katika jaribio lile walikuwepo watu wanaofuatilia mazungumzo na kuingilia kati palipoonekana hatari. Ile anayoifungua kijana wa Tanga au Kisumu ni nyingine. Ni mashine ya kazi zote: mchana inaandika barua ya maombi ya kazi, jioni inatoa mapishi ya biriani, usiku inasikiliza kilio. Haikutengenezwa iwe mganga wa mtu. Watu ndio walioipa kazi hiyo.

Niseme sasa kinachoniumiza mimi katika jambo hili, na naomba univumilie nikueleze tukio moja.

Shangazi yangu alifiwa na mumewe, Pangani. Watu walijaa, kama inavyokuwa. Siku tatu za matanga zikapita, khitima ikasomwa, masufuria ya kukodi yakarudishwa, wana wakarudi makazini. Siku ya nne nyumba ikawa kimya. Baada ya sala ya alasiri, mama mmoja jirani akabisha hodi akiwa na ungo wake na mchele ndani. Akaketi mkekani, akaanza kuchagua mchele. Hakutoa mawaidha. Shangazi naye hakusema. Giza lilipoanza kuingia, yule mama akaondoka. Kesho yake akaja tena. Siku nyingine alileta nazi akuno, siku nyingine ukili wa kusuka. Alikuja hivyo muda wote wa eda, ambayo kwa mjane ni miezi minne na siku kumi. Siku moja, shangazi alipokuwa akisema hajambo na anakula vizuri, yule mama alipita jikoni akaona kawa limefunika chakula cha jana, hakijaguswa. Hakubishana naye. Alitoka akamtuma mwanawe apande basi la asubuhi amlete binti mkubwa wa shangazi. Binti akaja, akamkuta mama yake amekonda vibaya, akamchukua kumpeleka hospitali.

Hakuambiwa yule mama. Aliona. Shangazi angekuwa anaiandikia mashine, angeiandikia kwamba hajambo na anakula vizuri, nayo ingefurahi kwa ajili yake. Mashine inajua ulichoiandikia, basi. Chakula kilicholala haikioni, wala nguo zilizoanza kukupwaya, wala zile siku tatu ulizonyamaza. Ukinyamaza, nayo kwa kawaida hunyamaza. Inakungoja uje. Haiwezi kubisha hodi mlangoni kwa mtu ikamwambia nimeona kimya, nikasema nije nikutazame. Na bando likiisha, hata huko kungoja kwake hukufikii.

Kuna na jambo la pili, nalo linatokana na namna mashine hizi zinavyofundishwa. Hulishwa maandishi mengi yasiyo na idadi, kisha majibu yake huwekwa mbele ya watu wapime: lipi limependeza, lipi halikupendeza. Lililopendeza ndilo linalotiwa nguvu. Kwa hiyo mashine inakua na tabia ya kukubali. Aprili 2025 kampuni ya OpenAI ilitoa toleo jipya la ChatGPT lililokuwa likisifu kila kitu, hata maamuzi yanayoweza kumdhuru mtu. Baada ya siku chache kampuni ikaliondoa na kukiri kwamba limezidisha kujipendekeza. Toleo hilo liliondoka, lakini mwelekeo wenyewe ungalipo. Mume aliyegombana na mkewe akiieleza upande wake, atapewa pole kwa upande wake. Mzee wa mtaa akipelekewa ugomvi huohuo, hata kabla kahawa haijamiminwa, atauliza: na mkeo yeye anasemaje? Swali hilo linaudhi. Ndoa ngapi zimepona kwa sababu mtu aliudhiwa kwa swali hilo akaenda kufikiri!

Kwa aliye katika hatari, tabia hiyo ya kukubali ni jambo zito. Februari 2024, katika jimbo la Florida, mvulana wa miaka 14 alijitoa uhai baada ya miezi mingi ya mazungumzo na mhusika wa kubuni katika programu ya Character.AI. Mama yake akaifungulia kampuni kesi Oktoba mwaka huo. Mwishoni mwa Novemba 2025 kampuni hiyo ikawafungia walio chini ya miaka 18 wasizungumze na wahusika wake kwa uhuru kama zamani. Jimbo la California nalo limepitisha sheria inayozitaka kampuni za namna hiyo ziwe na utaratibu wa kumshughulikia mtu anayetaja kujiua, na zimkumbushe mtoto mara kwa mara kwamba anazungumza na mashine. Sheria hiyo ilianza kazi Januari 2026. Hatua hizi ni nzuri. Mama wa mtoto yule amekwisha kuzika.

Oktoba 2025 OpenAI wenyewe walitoa takwimu ambayo tangu niisome haijanitoka kichwani. Walisema kwamba kati ya wanaotumia ChatGPT kila wiki, asilimia 0.15 wana mazungumzo yenye dalili za wazi za kupanga au kukusudia kujiua. Ukiisikia asilimia 0.15, unaona si kitu. Lakini watumiaji wenyewe kwa wiki walikuwa zaidi ya milioni 800. Piga hesabu: ni zaidi ya watu milioni 1, kila wiki, wanaoiambia mashine neno ambalo huenda hawajamwambia binadamu yeyote. Kampuni inasema imeifundisha mashine iwaelekeze kwa watu wa kuwasaidia, nami naamini hivyo. Lakini kumwelekeza mtu ni kumpa namba tu. Kunyanyuka akaipiga ni juu yake, na nguvu ya kunyanyuka ndiyo hasa aliyoikosa.

Sasa turudi kwenye siri, kwa sababu ndiyo iliyowapeleka watu huko. Je, mashine inatunza siri? Julai 2025 mkuu wa OpenAI, Sam Altman, alisema hadharani kwamba watu wanaiambia ChatGPT mambo yao ya ndani kabisa, lakini mazungumzo hayo hayana kinga ya kisheria kama yale ya mtu na daktari wake au wakili wake. Mahakama ikiyadai, kampuni inaweza kulazimika kuyatoa. Shoga yako atakutangaza mtaani, hilo tunalijua na tunaliogopa. Haya maneno mengine yamekaa katika kompyuta za kampuni iliyo ng'ambo ya bahari, yana tarehe na saa, na aliyeyaandika alikwisha kuyasahau.

Isitoshe, mwenye mashine ni mfanyabiashara. Kuna programu iitwayo Replika, iliyoanza mwaka 2017. Chanzo chake kinagusa moyo: mwanzilishi wake, Eugenia Kuyda, alifiwa na rafiki yake aliyegongwa na gari Moscow mwaka 2015, akatengeneza programu inayojibu kwa mtindo wa meseji za marehemu. Replika ikapata watumiaji wengi, na baadhi yao wakaichukua kuwa mchumba au mwenza. Februari 2023 mamlaka ya Italia ya kulinda taarifa za watu ikaipiga marufuku isiguse taarifa za Waitalia, ikitaja hatari kwa watoto na kwa watu walio katika hali dhaifu. Wakati huohuo kampuni ikaondoa mazungumzo ya mahaba. Watu wakaamka wakamkuta mwenza wao anawajibu kwa ubaridi, kama mtu aliyebadilishwa usiku. Walilia kilio cha kweli. Mimi siwezi kuwacheka. Kilichowapata ni kwamba mtu waliyemzoea alibadilishwa katika kikao ambacho hawakualikwa.

Nisipoitaja Nairobi hapa nitakuwa sijatenda haki. Januari 2023 jarida la Time lilichapisha uchunguzi juu ya vijana wa Kenya waliokuwa wakifanya kazi kupitia kampuni ya Sama kwa ajili ya OpenAI. Walikuwa wanasoma maandishi machafu na kuyawekea alama, ili mashine ijifunze kuyatambua na isiyatoe. Maandishi hayo yalikuwa ya watoto kudhalilishwa, ya mauaji, ya mateso, ya watu kujiua. Walisoma hayo zamu nzima, kwa malipo ya kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Waliozungumza na jarida hilo walisema kazi ile iliwajeruhi akili, na kwamba vikao vya ushauri nasaha walivyowekewa vilikuwa vichache na havikuwasaidia. Julai 2023 baadhi ya wafanyakazi wa zamani walipeleka malalamiko yao katika Bunge la Kenya. Basi ule upole unaousoma usiku kwenye kioo cha simu, kule kutokutukanwa na kutokuudhiwa, kuna kijana wa Nairobi aliyeukosea usingizi. Mashine inayosifiwa kwa kufariji ilisafishwa na watu ambao wenyewe hawakupata wa kuwafariji.

Yote haya yasingeniuma sana kama pasingekuwa na njia nyingine. Ipo, na imeanzia Afrika. Daktari wa akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake mwaka 2005. Yule binti alijiua. Alitakiwa kurudi hospitali Harare, na familia haikuwa na nauli ya basi, dola 15. Chibanda akaona kwamba kumngoja mgonjwa aje hospitali hakutoshi. Mwaka uliofuata, katika kitongoji cha Mbare, akaanza na bibi 14, wahudumu wa afya wa mtaani, wala si madaktari. Akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu achague tatizo moja la kuanza nalo, kisha akawaketisha kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Kwanza aliyaita mabenchi ya afya ya akili, na watu wakayapita mbali. Bibi wenyewe ndio waliomwambia jina hilo linafukuza watu. Yakaitwa mabenchi ya urafiki, na watu wakaketi.

Mwaka 2016 matokeo yalichapishwa katika jarida kubwa la tiba la Marekani, JAMA. Walishirikishwa wagonjwa 573 katika zahanati za Harare. Baada ya miezi sita, kati ya waliopata huduma ya kawaida, nusu walikuwa bado na dalili za sonona; kati ya walioketi na bibi, walikuwa kama asilimia 14. Na akishamaliza vikao vyake, mtu hukaribishwa kwenye kundi la wenzake, wanakaa wanafuma mikoba kwa plastiki zilizokwisha kutumika, wanazungumza huku wanafuma, na mikoba inauzwa. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Nikiwaza bibi wa Mbare namkumbuka yule mama wa Pangani na ungo wake. Tofauti ni kwamba bibi wa Mbare amefundishwa, ana benchi lake linalojulikana liko wapi, na wajibu wake ni kutunza siri. Jambo hilo la mwisho ndilo ambalo barazani kwetu bado hatujaliweza.

Wazazi wengi wananiuliza kama wawanyang'anye watoto simu. Kwa mtoto wa shule ya msingi, mimi nasema hizi programu za marafiki wa kubuni asiwe nazo kabisa. Kwa kijana mkubwa, ukimnyang'anya simu umemfungia dirisha na mlango hujafungua. Afadhali ukae naye, uanze wewe kusema jambo lako lililokushinda, hata liwe la deni dukani, usimuulize chochote siku hiyo. Akija kukwambia lake, lisifike kwa baba yake mdogo kabla ya kesho kutwa. Wala lisifike kabisa. Na wewe kijana unayeiandikia mashine: uliyoyaandika yasome tena mchana, chagua sentensi moja tu, umpelekee mtu mmoja. Mashine imekusaidia kupata maneno. Maneno unayo sasa.

Kwa watoto, na kwa mtu mzima mwenye wasiwasi juu ya mtoto, namba ya simu ya msaada ni 116, Tanzania Bara, Zanzibar na hata Kenya, na kupiga ni bure. Kenya wapo pia Befrienders Kenya, ambao kazi yao ni kumsikiliza mtu aliyefikia kuwaza kujitoa uhai. Mtu mzima aliyeko Tanzania aende hospitali ya rufaa ya mkoa wake aulize kliniki ya afya ya akili. Ukifika dirishani huhitaji kumweleza mhudumu historia ya maisha yako huku foleni nzima inasikiliza. Mwambie hulali, na unataka kumwona daktari wa kliniki hiyo. Yanayobaki utamweleza daktari ndani, mlango ukiwa umefungwa.